Furushi la Samaki Siku ya Noeli

Hortense aliuza luwombo Wandegeya, na kwa mkono wake wa kupika hakuwa na mpinzani. Nyama na mchuzi wa karanga alivifunga ndani ya jani la mgomba lililobabuliwa motoni, kila mlaji na furushi lake, maana luwombo si ugali wa kumegewa. Ukifungiwa, wewe ni wa nyumba hiyo, usipofungiwa, si wa humo. Mama huyu Mkongo alijifunza desturi hiyo kwa Waganda, akaishika kuliko wenyewe.

Sasa Noeli ya mwaka sabini na sita ilikuwa inakuja. Chumvi haipatikani, sukari ni hadithi, na Wakenya, tangu serikali mbili zigombane, wanasakwa na askari mjini kama panya. Hortense yeye alikuwa na neno moja tu: Noeli hailiwi nusu. Mkwewe Oduor, karani, Mjaluo kutoka Kisumu, alikuwa amefichwa Bukoto kwa watu wema. Hortense akamtumia ujumbe arudi Kamwokya, kwenye safu ya vyumba walimokaa, ale pamoja na mkewe, Marie-Louise, ambaye mimba yake ilikuwa imekwisha kuwa nzito.

"Mama, umuache kule," Marie-Louise alisihi. "Akipona, tutakula Noeli ingine."

"Mtu hakule Noeli peke yake kama imbwa," mama akajibu, akaendelea kuosha majani yake.

Mapenzi ya namna hiyo yana ukaidi ndani yake, lakini nani wa kumwambia Hortense?

Oduor alikuja asubuhi katikati ya umati wa waendao kanisani, kitabu cha sala kwapani. Kwa kuwa Mjaluo hali mbele ya mama mkwe, walimtandikia mkeka nyuma ya pazia, karibu na kitanda. Hortense alikuwa amemtafutia samaki aliyekaushwa kwa moshi, akamfungia furushi lake, kwani alijua kwa mtu wa ziwani kuku ni kuku tu. Mafurushi yalikuwa ndiyo kwanza yameipuliwa mlango ulipobishwa.

Alikuwa Saverio, koplo, dereva wa lori la jeshi, aliyepanga chumba cha mwisho katika safu ileile. Mkononi alishika chumvi iliyofungwa kwenye karatasi.

"Mama, Sekukulu njema," alisema, akiitaja Noeli kwa Kiganda. "Mimi naletea nyinyi hii."

Utamfukuzaje jirani siku ya Noeli, tena aliyekuja na chumvi? Hortense alimkaribisha, akampa furushi lake mwenyewe. Marie-Louise akafungua la kwake. Likabaki moja, la Oduor.

"Mama, wewe hapana kula?"

"Nakula, baba." Hakuwa na la kufanya ila kulifungua. Harufu ya samaki ikajaa chumba. Safu nzima ilijua kwamba Hortense hagusi samaki. Akionja tu, uso humvimba. Saverio aliacha kutafuna. Hortense akatia tonge kinywani, akameza, akatia lingine, machozi yakimlengalenga, na koplo akimwangalia mpaka jani likabaki tupu. Marie-Louise alikaza macho sakafuni.

Saverio alinawa mikono, akasimama, akalitazama pazia.

"Oduor, ndugu yangu, Sekukulu njema. Ngoja hapo. Mimi narudi."

Akatoka.

Hortense alilivuta pazia, midomo imeanza kuvimba. "Utoke! Utoke mbio!"

"Mama, amesema angoje," Marie-Louise alilia. "Angetaka kumkamata angemkamata sasa hivi."

"Na yule wa kwetu hakusema atarudi?"

Marie-Louise alikijua kisa hicho tangu utotoni. Kule Kongo, mwaka wa uasi, askari mmoja alikula kwao mchana, akashukuru, akasema atarudi, na jioni akarudi na wenzake wakamchukua Kakule, mume wa Hortense, wakamuua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nami simlaumu kwa kushtuka.

"Huyu si yule, mama!"

Oduor alimtazama mkewe, kisha akainamisha macho. Kwao mwanamume habishani na mama mkwe, hata awe na haki. "Sawa, mama," alisema. Akachukua kitabu chake cha sala, akapitia uani.

Haukupita muda, jirani yao Akidi akaingia akilia, viatu vya kanisani mkononi. Wanajeshi wa kizuizi cha barabarani, njia ya Bukoto, walikuwa wamemsimamisha Oduor, wakamuuliza jina, wakamtia ndani ya buti la gari. Akidi alimsikia akiligonga bati kutoka ndani, hata gari lilipokwisha kuondoka.

Bado Akidi anasimulia, lori likafunga breki nje. Saverio aliingia amebeba koti na kofia ya jeshi.

"Yeye avae haraka. Lori inaenda Tororo sasa. Mimi nitafikisha yeye mpakani, avuke kwenda kwao."

Akalifunua pazia, akauona mkeka.

"Nimemfukuza mimi," Hortense alisema. "Nilifikiri unaleta wenzako."

Koplo alikaa kwenye stuli, koti mapajani. "Mama, mimi nakula chakula yako. Mtu anakula chakula yako, halafu anauza mtoto yako?"

Hortense alijua kwamba mtu anaweza. Alikuwa amemwona kwa macho yake. Lakini mtu yule hakuwa huyu, na hilo alilijua kwa kuchelewa, na lilimuuma kuliko kifo cha Kakule.

Oduor hakuonekana tena, wala maiti yake. Marie-Louise hakuwa na pa kwenda, kwa hiyo yeye na mama yake waliendelea kukaa chumba kimoja, wakachota maji pamoja, wakafunga luwombo pamoja. Hakumtukana mama yake hata siku moja. Ila tangu Noeli ile hakumwita mama, alimwita Hortense. Na mtoto alipozaliwa, akakua, akaanza kusema, naye alifundishwa vivyo hivyo.