Chai Iliyoonyeshwa Sukari

Nilivuka mpaka kwenda Tanzania kutafuta maiti. Maiti wa kitabuni, nina maana. Mimi huandika riwaya za upelelezi, na mhariri wangu kule Mombasa alikuwa ameniambia bila kuona haya kwamba wasomaji wamechoka na watu kuuawa katika mtaa uleule. "Toka kidogo," alisema. Basi nikatoka. Nilifikia Sofu, Kibaha, kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, aliyeolewa na Mzaramo tangu mimi sijajua kusoma.

Niseme wazi: Sofu ni mahali pabaya kwa mwandishi wa mafumbo. Hakuna anayeficha kitu. Mkabala na kwa mama mdogo palikuwa na nyumba nzuri yenye geti jeusi na kufuli kubwa, mapazia yameshushwa, maua yanakauka kwenye makopo. Niliizungukia kichwani mpaka nikampata mume aliyetoroka na mke aliyezikwa chini ya sakafu, ndipo nikaenda dukani kununua vocha na kudadisi kwa ujanja. Muuza duka hakuinua hata macho. "Wachaga hao. Desemba hii, wameenda kwao Moshi kuhesabiwa na wazee wao. Ufunguo wameniachia mimi, unataka kuingia?"

Sikutaka kuingia. Nilitaka kulia.

Baba mdogo, mume wa mama mdogo, aliyafurahia sana mateso yangu. "Mwanangu, huku kwetu hakuna mauaji," aliniambia. "Kuna mihogo." Alikuwa na kisukari na ubishi, na sijui kipi kilimsumbua zaidi mkewe. Kila asubuhi aliketi barazani na kanzu yake ya nyumbani, kofia imelalia sikio moja, bakora mapajani. Akishapiga funda la kwanza alikohoa, kisha akapaza sauti: "Chai hii imetiwa sukari au imeonyeshwa?"

Na mama mdogo, huko jikoni, bila kugeuka: "Imeonyeshwa. Na kesho haitaonyeshwa."

Maneno yaleyale, asubuhi zote. Mimi nimesafiri kutwa nzima ndani ya basi kutafuta msisimko, nao wananipa hiyo chai. Nikawa nasema moyoni, hawa watu wawili hawana jingine la kuongea?

Kisha baba mdogo akaenda Maneromango, huko Kisarawe kwao, kuangalia korosho zake. Akaanguka shambani, hakuinuka. Presha, walisema. Alizikwa hukohuko siku ileile. Tulifika tumelowa matope, maana gari lilizama mara nyingi kuliko lilivyotembea, na mama mdogo akaingizwa chumbani kwenye nyumba ya wakwe zake kukaa eda.

Hapo akanyamaza. Hakulia. Hakula. Ukimpa uji anatikisa kichwa, ukimsemesha anageukia ukuta. Wifi yake, dada wa marehemu, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Akiendelea hivi tutachimba tena." Nami sikuwa na la kumsaidia. Nilimpenda baba mdogo, nikamlilia, lakini huyu wa ndani ndiye aliyenitia hofu.

Sasa, katikati ya hofu hiyo, asubuhi moja nikaingia kumwamkia nikakuta msumari wa nyuma ya mlango, alipotundika nguo zake baba mdogo kabla ya kwenda shambani, uko mtupu. Kanzu ya marehemu haipo. Kofia haipo. Bakora haipo. Mtu ameingia na kumruka mjane aliyelala mkekani, akaiba nguo za mumewe. Damu ilinichemka. Nilimfuata wifi jikoni, nikamkuta anamenya mihogo.

"Shangazi, nguo za baba mdogo zimeibiwa."

"Zitarudi."

"Nani kazichukua?"

"Wenyewe."

"Wenyewe nani?"

"Mwanangu, nipitishie lile sufuria."

Niliuliza wanawake ukumbini, wakacheka vichinichini. Niliuliza wanaume chini ya turubai, wakaniambia nikanywe chai. Mwezi mzima natafuta fumbo, nimelipata, na watu wote hawalitaki! Nikafura. Nikasema nitalifumbua peke yangu.

Mshukiwa nilikuwa naye tayari. Alikuwa mama mmoja wa Kisukuma, rika la mama mdogo, ambaye watu wa kwao wanafuga ng'ombe Magindu. Baba mdogo alinunua samadi kwao miaka mingi. Huyu mama alifika msibani anacheka. Alikula sahani mbili za wali, kisha akasema mbele ya kila mtu, "Mzaramo mmoja kapungua, mihogo itapumzika," na hakuna aliyemkemea. Nilimbana nyuma ya jiko.

"Shikamoo mama. Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa nawaza marehemu. Hivi, huko Kibaha alikuwa anakaa vipi asubuhi?"

Nikamwambia. Nikamuuliza kama aliingia chumba cha mjane. Akaniuliza kofia aliilaza upande gani. Nikamwambia. Nikamuuliza mbona anacheka msibani. Akaniuliza akikohoa alikohoa kabla ya kusema au baada, na chai je, aliinywaje? Nikamweleza yote, hadi maneno yenyewe, kwa sauti zao wote wawili, maana mimi nikianza kusimulia sijui kufunga mdomo. Tulipoachana nilijiona nimemweka kwenye kona.

Nikarudi kwa wifi. "Mwizi nimempata. Ni yule mama wa Magindu."

Safari hii aliweka kisu chini. "Yule mtani wetu. Mtani asipoiba msibani, atakuwa kaja kufanya nini?"

 Kwetu Mombasa utani wa makabila niliujua kwa mdomo tu, watu wanataniana dukani basi. Sikujua kwamba huku Msukuma akifiwa na Mzaramo ana haki ya kuchukua cha marehemu na kumtukana, na hakuna wa kumgusa. Kila mtu pale alijua tangu mwanzo, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto.

Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie hivyo. Mlango wa chumba cha mama mdogo ulisukumwa kwa bakora, nasi wanawake wote tukajazana nyuma yake. Mtani aliingia amevaa kanzu, kofia imelalia sikio moja. Alitembea kwa ule mwendo wa baba mdogo wa kuburuza mguu. Akaketi mbele ya mjane, bakora mapajani, akachukua kikombe cha chai kilichokuwa kimepoa pale chini bila kuguswa. Akapiga funda. Akakohoa.

"Chai hii imetiwa sukari au imeonyeshwa?"

Wanawake waliangua kicheko. Mimi sikucheka, nilikuwa namtazama mama mdogo. Aligeuka polepole kutoka ukutani. Akaiangalia kanzu, akaiangalia kofia, na kicheko kikaisha chenyewe.

"Imeonyeshwa," alisema. Sauti ilikwaruza kwa kukaa bila kutumika. "Na kesho..."

Tulingoja. Maneno yaliyobaki hayakuja. Akanyoosha mkono akashika upindo wa ile kanzu, na machozi yakaanza kumtoka.

"Mtilieni sukari," alisema. "Mtilieni mpaka mwenyewe aseme basi."

Mtani aliivua kofia akamkumbatia, wakalia pamoja. Wifi alinisukumia kopo la sukari. Nikapiga magoti mbele ya kikombe, nikatia kijiko, nikatia kingine, nikaendelea kutia, na hakuna aliyesema basi.