Sketi ya Bibi Tuliyoizika Nyuma ya Zizi

Wiki iliyopita binti wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Babati. Wanamwandalia rafiki yake sherehe ya kumuaga, na wamemshonea sketi ya kienyeji: kitambaa cha kahawia kama ngozi, na shanga za plastiki zilizobandikwa kwa gundi. MC anataka kuieleza michoro yake ukumbini. "Shangazi, si bibi yenu alikuwa na ile ya kweli? Niambie basi, ule mduara wa shanga wa mgongoni maana yake nini?" Nikamwambia nitampigia baadaye. Sijui, rafiki yangu. Nililala chumba kimoja na ile sketi miaka kumi, na sijui.

Ilikaa ndani ya sanduku la mbao, chini ya kitanda cha bibi, hapo kwetu Bagara, pembeni ya mji wa Babati. Ilikuwa ya ngozi, nzito, imepakwa mafuta mpaka ikawa laini, na mgongoni, penye ule mduara, na kwenye pindo imejaa shanga nyekundu, nyeupe na za buluu. Bibi aliishona alipokuwa msichana, huko milimani Mbulu, enzi ambazo wasichana waliwekwa ndani miezi mingi wakifundishwa na wanawake wakubwa. Mila ile ilikuwa imekufa zamani. Mara moja kwa mwezi aliitoa sketi, akaianika kivulini, akaipaka samli, na harufu yake ikakaa nyumbani siku mbili. Mama aliichukia harufu ile. Mwalimu wa dini alishamwambia bibi mara mbili aichome, kwa kuwa ni vitu vya giza. Bibi alimsikiliza kwa adabu, akamkaribisha uji, akairudisha sketi sandukuni. "Hii ni nguo yangu ya kuondokea," alituambia. "Siku yangu ikifika mnivalishe hii, halafu juu yake wekeni hata misalaba kumi."

Na miaka yenyewe unaikumbuka, kama ulikuwepo. Unga ulikuwa wa yanga, yale mahindi ya njano kutoka nje, ugali wake unanukia gunia. Sukari ilikuwa ya foleni. Nguo tulifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na sare yangu ya shule ilikuwa na viraka vingi kiasi kwamba rangi yake ya kwanza ilikuwa suala la kubishaniwa. Mimi sikuwa na kitu cha kujivunia isipokuwa sketi ya bibi. Kwa hiyo siku mwalimu wetu aliposema anatafuta vitu vya asili vya kupeleka kwenye maonyesho Arusha, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

Alikuja Alhamisi jioni. Akasalimia, "Shikamoo bibi," akaitikiwa, akaketi kwenye kigoda. Bibi alipoikunjua sketi, mwalimu aliziinamia shanga. Kisha akasema, "Bibi, hii ni sanaa. Sanaa kubwa kabisa."

"Sanaa ndiyo nini?" bibi akauliza.

"Ni kitu kizuri kinachotengenezwa na watu, ili wengine wakitazame."

Bibi akacheka. "Mimi sikushona nitazamwe. Nilishona kwa sababu asiyeshona alikuwa hatoki ndani." Lakini nilimwona amefurahi. Alikubali iende Arusha wiki moja na kurudi. Mwalimu akatoa daftari, akaipima kwa rula yangu ya shule, akaandika: urefu, upana, mistari ya shanga, idadi ya rangi. Alisema angeijia Jumatatu. Mama alisimama mlangoni muda wote, anatazama ile kalamu.

Hutamwelewa mama kama huujui mwaka ule. Ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, yaani waliodaiwa kuficha bidhaa. Watu wa serikali waliingia majumbani na madaftari, wanaandika kilichomo na kuuliza umekipata wapi. Jirani mmoja wa upande wa Nakwa alikuwa amechukuliwa kwa sababu ya doti chache za khanga. Watu walitupa bidhaa ziwani kwa hofu. Tulitaniana shuleni kwamba viboko wa Ziwa Babati ndio peke yao waliokunywa chai ya sukari. Sasa mtu wa serikali, maana kwa mama mwalimu ni mtu wa serikali, ameingia kwetu na daftari na kuhesabu shanga za kutoka ng'ambo. Baba alikuwa kazini Mbulu, hakuwepo wa kumuuliza. Mama hakulala vizuri tangu Alhamisi ile.

Jumapili bibi alipokwenda misa ya kwanza, mimi niliambiwa naumwa tumbo. Tukachimba shimo nyuma ya zizi, mama na mimi. Mama aliifunga sketi kwenye gunia, akaweka na miche miwili ya sabuni na kitambaa kipya, vyote alivyokuwa amevificha. "Siku chache tu," akasema. "Na bibi yako asijue, atatupigia kelele mtaa mzima usikie." Niliukanyaga udongo kwa miguu yangu ili uwe sawa.

Jumatatu mwalimu alifika na mfuko safi. Bibi akavuta sanduku, akafungua. Alipapasa ndani kwa mikono yote miwili, kama mtu anayetafuta kitu kidogo, kumbe kitu chenyewe kizito kama mtoto. Kisha akageuka. "Mwalimu, umeichukua lini?"

"Bibi, mimi siku ile niliondoka na daftari tu."

"Ni nani mwingine aliyesema ni nzuri?"

Mama alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao. Nilijua, na nilinyamaza. Mwalimu aliondoka na mfuko wake mtupu, na tangu siku hiyo akipita njiani akisema shikamoo, bibi hakuitikia. Kwa mtu wa umri ule kutoitikia shikamoo! Darasani mwalimu hakunifanyia ubaya wowote, na hilo ndilo lililonitesa.

Mvua zikaanza. Msako ukaendelea, mama akaogopa kufukua. Maonyesho yakapita. Wiki ya tano, fununu zilipotulia, mama alichukua jembe mchana kweupe, na bibi akatoka kumuuliza anachimba nini.

Sijui nikuelezeje. Mchwa walikuwa wamekula ngozi yote, na gunia, na kitambaa. Sabuni ilikuwa uji. Kilichobaki ni tope lenye shanga. Mama akapiga magoti, akaanza kusema daftari, daftari, nilidhani ni msako, mama nisamehe. Bibi aliingia jikoni. Alileta chekecheo la unga, akakaa chini, akaanza kuosha tope na kuokota shanga moja moja. Alifanya hivyo siku tatu. Mimi nilimchotea maji, na sikuwahi kumwambia kwamba ile mikono ya pili kwenye jembe ilikuwa yangu. Nadhani alijua.

Alinituma kwa mwalimu kumwomba radhi. Mwalimu akaja, akainama juu ya beseni la shanga. "Hakuna hata kipande cha ngozi?" Hakikuwepo. "Basi, bibi. Hizi sasa ni shanga tu."

"Na siku ile ulipoandika zilikuwa nini?"

Mwalimu akaketi kwenye kigoda. Alikunywa uji akaaga. Daftari lake lilibaki na urefu na upana. Mchoro hakuuchora, na baadaye alihamishwa, hata hilo daftari sijui liliishia wapi.

Mwezi uliofuata yanga nayo ikakosekana. Bibi akajitwisha beseni mpaka mnadani, akakaa na wanawake wa wafugaji wa upande wa Hanang, ambao shanga walizijua na kuzitaka. Walizichambua kwa rangi, wakambadilishia na nusu debe la mahindi meupe. Mama alilia. Bibi akamwambia, "Mama Neema, twanga."

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Madukani hapakuwa na nguo, nyeupe wala nyeusi. Tulimzika na shuka la jirani, na palipokuwa pamechanika mama aliparudishia kwa uzi wa gunia.

Binti wa kaka anasubiri jibu. Nimejaribu kufumba macho niuone ule mduara, kama ulikuwa na miale au nukta, na kama nyekundu ilianza ndani au nje. Hauji. Ninachokikumbuka vizuri ni ugali wa yale mahindi. Ulikuwa mweupe, mtamu, na mimi ndiye niliyekwangua sufuria.