Kofia ya Jino la Thuo

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tatu. La, nakosea, hamsini na tatu zile pasibuku za Wakikuyu zilikuwa bado kutoka. Weka hamsini na tano, Hali ya Hatari imekolea, na kila Mkikuyu aliyekaa Nakuru alikaa kwa ruhusa ya kijitabu kile. Kikikukataa, unapandishwa lori la kizuizini, na nyumbani huagi.

Thuo alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi. Jino lake la mbele, la juu, lilikuwa limekatika nusu kwa kung'ata uzi miaka na miaka. Karani aliyemwandikia pasibuku alimkagua kama ng'ombe wa mnada, akaandika penye alama: jino la mbele limevunjika. Thuo hakujali maandishi. Alijali maumivu. Chai ya moto ilimtoa machozi, na upepo wa Menengai ukimwingia mdomoni alishika ukuta.

Akaenda kwa Ratilal, Mhindi mwingine, fundi wa meno.

"Mimi hapana ng'oa," Ratilal akasema. "Mizizi iko mzuri. Mimi taweka kofia."

"Kofia? Kwani jino linaenda kanisani?"

"Linaenda kula nyama. Wewe fungua mdomo, wacha maneno."

Akalisaga kwa mashine ya kukanyaga kwa mguu hata likabaki kijiti. Akamng'atisha nta apate umbo lake, na wiki ya pili akalivika ganda la dhahabu, akaligandisha kwa saruji ya meno. Thuo alimlipa kwa kumshonea suruali nne.

Mkewe Wamuyu, mja mzito wa miezi minane, alimshika kidevu akamgeuza kwenye mwanga. "Haiya, Baba Wangare! Ukicheka hivyo majirani watauliza tumeuza shamba gani."

"Waulize. Nami nitawauliza hilo shamba liko wapi."

Siku hiyo alitafuna mahindi ya kuchoma, ya kwanza baada ya miaka miwili.

Jumatatu asubuhi askari wakauzingira mtaa wao wa Bondeni. Wanaume walichuchumalishwa kwa mistari, mmoja mmoja akiitwa mezani kwa afisa kijana wa Kizungu aliyejua Kiswahili. Picha ya Thuo kitabuni ilikuwa imepigwa mhuri usoni, hata macho hayakuonekana. Kwa hiyo afisa akasoma alama.

"Fungua mdomo." Akachungulia. "Kitabu kinasema jino limevunjika. Hili ni zima."

"Lilitengenezwa, bwana. Lile bovu liko humo ndani, limevaa kofia."

Askari aliyesimama kando akaangua kicheko. "Hata meno yenu siku hizi yanajificha!"

Afisa hakucheka. Thuo akaonyeshwa upande wa lori, waliko watu waliodaiwa kubeba vitabu vya wengine.

Wamuyu alikuwa kwenye kundi la wanawake, akasikia. Akamsihi askari mzee mmoja, akaachiwa njia, akaenda na tumbo lake hadi kwa Ratilal. Wakarudi pamoja, Ratilal amekumbatia mkoba wake, jasho likimtiririka. Mhindi naye alikuwa na woga wake.

"Sahib, mimi nafanya hii kazi. Jino yake iko chini."

"Basi nionyeshe," afisa akasema. "Itoe."

Thuo akamtazama mkewe. Injini ya lori ilikuwa imewashwa. Akakaa juu ya debe akafungua mdomo mwenyewe. Ratilal akashika ganda kwa koleo, akalitikisa, akalivuta. Likatoka na kipande cha kijiti, na damu. Afisa akainama, akaangalia kile kilichobaki, akaangalia kitabu.

"Limevunjika," akasema. Akagonga mhuri. "Ni yeye."

Ratilal akamwekea lile ganda mkononi. "Pole, ndugu. Hii sasa haiwezi shika tena."

Thuo akajifuta kwa mkono wa shati. Alikuwa huru kwenda, na Wamuyu alikuwa akimvuta, "Twende, Baba Wangare, twende tu." Lakini hakwenda. Alisimama pale mezani, kijitabu kikiwa bado wazi, akauliza polepole kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa damu, kwa heshima, kama mtu atakaye kujua njia:

"Bwana, mtu akipona, karatasi yake huponywa na nani?"