Kidole cha Nyemo Hakikuwa na Kosa

Keti, mwanangu, unisikilize, na usiinuke mpaka nimalize, maana jana kisimani nimeyasikia tena maneno yale yale na nimechoka nayo. Mwanamke ana uvimbe kwapani, na wenzake wamemzunguka wakimkagua vidole. "Umechomwa na nini? Hebu tuone kucha." Sijui niyaseme mara ngapi haya kabla sijazikwa.

Nakumbuka siku moja, enzi za Mjerumani, reli ilipokuwa ndiyo kwanza imefika Dodoma. Tulikuwa tunakaa Makutupora, mimi bibi harusi mpya, tembe letu jirani na la dada yangu Nyemo. Nyemo aliinua mkono kunitua mtungi, akakunja uso. "Kuna kitu kwapani," akasema. "Kama punje ya njugu mawe."

Mumewe, Madeje, alijibu kabla hata hajaulizwa. "Mtoki huo. Umejikata wapi?"

Hapo Madeje hakukosea, nataka uelewe. Mtoki ni tezi iliyovimba. Ukijikata mguu, huvimba tezi za kinena. Mwiba ukikuchoma mkononi, huvimba za kwapani. Kila anayeshika jembe anajua. Basi tukatafuta jeraha, na kwa kuwa Nyemo alikuwa akikata miba ya boma kila mwaka, kovu dogo likapatikana kwenye kidole cha shahada. Watu walifurahi kama wamempata mwizi wa ng'ombe!

Mama mkwe wake akakifunga kidole majani. Hakikupona, kwa sababu hakikuwa kinaumwa. Mganga akakichanja. Mtoki ukabaki pale pale. Mjomba wake Madeje akapasha chuma moto, akakichoma. Sasa ndipo kidole kikavimba kwelikweli na kutoa usaha, na Madeje akatamba uani: "Mmeona? Si nilisema ni kidole?"

Nilitamani kumpiga mwiko.

Mtama ukapandwa, ukavunwa, sisi bado tunahangaika na kidole. Kule kwapani tezi zilikuwa zimeshakuwa mbili, ngumu, zimeshikana, wala haziumi. Nyemo alikuwa amekonda. Alikuwa na mtoto wa kike, Mbeleje, aliyemwachisha kunyonya karibuni, na usiku aliniambia hana shida nyingine duniani, anataka tu kumwona huyo akikua.

Mwishowe Madeje akakubali twende Dodoma, kwa daktari wa Kijerumani aliyekuwa akitibu watu wa kambi ya reli. Alikwenda kuomba kidole kikatwe.

Daktari alikiangalia kidole, akasema maneno mengi kwa Kijerumani. Mkalimani wake, mtu wa pwani mwenye maneno laini, akatugeuzia.

"Bwana daktari anauliza, nani amekichoma kidole hiki?"

"Mjomba wangu," akasema Madeje kwa fahari.

"Anauliza, alikichoma ili kiwe nini?"

Madeje akaambiwa atoke nje, nikabaki mimi. Mkalimani akageuka, akawa anazungumza akiutazama ukuta. Daktari akamwinua Nyemo mkono, akapapasa kwapa taratibu, akapanda mpaka juu ya mtulinga. Kisha akapapasa titi la upande ule. Hapo vidole vyake vikasimama juu ya donge gumu. Ngozi karibu na chuchu ilikuwa imevutwa ndani kama kitovu.

"Hili lina muda gani?"

Nyemo akainama. "Tangu mtoto akitambaa. Haliumi."

"Mbona hukusema?"

"Mimi waliniuliza habari za kidole tu, bwana."

Daktari akavuta pumzi kama mtu aliyebeba gunia, kisha akaeleza. Titi lina maji yake, na maji hayo hupita kwenye tezi za kwapani kabla ya kuendelea mwilini. Ugonjwa ukianza kwenye titi, tezi huunasa. Mkalimani alijitahidi, lakini Nyemo ndiye aliyelishika neno, maana alikuwa mpika pombe. "Kumbe ni chujio," akasema. "Hayo ni machicha. Pombe yenyewe iko mtungini."

Daktari alipogeuziwa, akatikisa kichwa kukubali. Akasema hiyo ni saratani, itabidi aondoe titi lote na kusafisha kwapa, na hawezi kuahidi kwamba itaisha, kwa kuwa imeshatoka ilikoanzia.

Nje, Madeje akaja juu. "Titi? Tumekuja kwa kidole! Na kidole je?"

"Kifungwe kitambaa safi kiachwe," akasema mkalimani. "Kimeonewa vya kutosha."

Nyemo alicheka, mara ya kwanza tangu mavuno. Kisha akamgeukia mumewe. "Kidole mlikichoma bila kuniuliza, baba Mbeleje. Hili nimeulizwa mimi, na nimekubali."

Alikatwa titi akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Alipona polepole, na mkono ule ukabaki umevimba, hata kutwanga akawa hawezi. Lakini Mbeleje alikua mbele ya macho yake, akaanza kuchunga ndama. Baadaye ugonjwa ulirudi kwenye uti wa mgongo, tukamzika. Tungekwenda uvimbe ungali kwenye titi peke yake, labda angemchezea ngoma ya harusi.

Kwa hiyo usiniletee kidole, mwanangu! Mtoki mwingi ni wa jeraha tu, na huisha jeraha likipona. Lakini usioisha una asili yake, na kwa mwanamke asili hiyo yaweza kuwa titi, hata kama haliumi. Tena hasa kama haliumi, maana ndilo linalonyamaziwa. Siku hizi daktari hutoa kinyama kidogo kwa sindano kikapimwe, akaangalia na kwapa, kisha akapanga upasuaji, dawa au mionzi kwa kadiri ugonjwa ulivyofika. Hata ukifika kwapani, usikate tamaa. Wengi hutibiwa wakarudi shambani. Na mwili ni wako, sema hata kama hujaulizwa.

Mungu akupe afya, akujalie kuwachezea ngoma wanao. Sasa inuka. Leo ukienda kuoga, inua mkono, papasa titi na kwapa, upande huu na huu. Ukikuta kitu kigumu kisichokuwepo zamani, nenda hospitali, na titi ulionyeshe kabla ya kidole.