Moshi wa Mihoko

Katika miaka thelathini na tisa ya kuendesha tramu kusini mwa Osaka, Mzee Tokuji hakupitiliza kituo hata kimoja, na jambo hilo alipenda lijulikane. Madereva wa kule wana desturi yao: kila wanachokikagua hukinyooshea kidole na kukitaja kwa sauti. Taa, kidole, "Kijani!" Mlango, kidole, "Umefungwa!" Hata kama ndani hakuna abiria, kidole lazima kitoke. Tokuji alistaafu, kidole kikakataa kustaafu. Alilinyooshea jiko kabla ya kulala, alilinyooshea kufuli kabla ya kwenda sokoni, na siku alipomaliza kusafisha kaburi la mkewe Fumie alilinyooshea pia: "Maua, tayari!" Mtu wa namna hiyo anaaminika. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kumuuliza juu ya ule moshi.

Akiwa na miaka sabini na minne alianza kujifunza kulehemu. Mtaa wa Nipponbashi, ghorofani, juu ya duka la nyaya, kulikuwa na mwanamke wa miaka thelathini aliyeitwa Honami, fundi wa mashine za zamani za michezo ya televisheni, ambaye kila Jumapili asubuhi aliwafundisha watu kuzifufua za kwao. Wanafunzi wake wengi walikuwa wanaume wa makamo wenye vitambi, wanaotafuta utoto wao kwa bisibisi. Tokuji alikuja na mashine yake nyekundu na nyeupe, ameifunga kwenye kitambaa kama sanduku la chakula.

"Nataka wajukuu waicheze Mwaka Mpya," alisema. Hilo lilikuwa kweli. Lakini halikuwa lote.

Honami hakumruhusu kuigusa mashine hiyo. Jumapili tano nzima alimpa mabodi mabovu ya saketi za umeme, alehemu na kulehemua mpaka akome.

"Mzee, hiyo si lehemu, hicho ni kinyesi cha njiwa."

"Mwalimu, si nimeyeyusha kama ulivyosema?"

"Umeyeyushia kwenye ncha ya chuma cha kulehemu, halafu ukamwaga. Pasha moto kwanza mguu wa kipuri pamoja na shaba yake. Vikishika moto vyote viwili, lehemu itakuja yenyewe. Lehemu inafuata joto, haifuati maombi."

Wenzake walicheka, naye akacheka. Akakinyoosha kidole: "Ncha, safi! Sponji, limelowa!" Wakacheka zaidi, na kufikia Jumapili ya tatu darasa zima lilikuwa linanyoosha vidole na kupiga kelele kama kituo cha tramu. Honami alisema amefundisha miaka sita na hajawahi kuona watu wachache hivyo wakijiunguza. Mzee alirudi nyumbani siku hiyo ametuna kwa fahari.

Jumapili ya sita akaruhusiwa kuifungua ya kwake. Honami aliinama, akanusa, akainua bodi ndogo ya umeme kwa kibano. Kipuri kimoja cha duara, mfano wa pipa dogo, kilikuwa kimepasuka kichwani.

"Hii haikufa kwa uzee," alisema. "Hii iliuawa."

"Iliuawa vipi?" aliuliza mmoja wa wenye vitambi.

"Walichomeka adapta isiyo yake. Adapta ya mashine hii, hasi iko katikati. Za teprekoda nyingi za enzi hizo, chanya ndiyo iko katikati. Ubaya ni kwamba inaingia vizuri tu tunduni, kama imezaliwa humo. Ukiwasha, moshi." Akamgeukia Tokuji. "Adapta yake unayo?"

Alikuwa nayo. Aliitoa mfukoni mwa koti. Haikuwa na hata mkwaruzo.

"Mbona hii ni mpya! Sasa ya kwake ikiwa ipo, nani alichomeka nyingine?"

Na hapo Mzee Tokuji, ambaye alikuwa ametoka nyumbani kwake Jumapili sita mfululizo kwa sababu ya swali hilohilo, akafungua mdomo na kusema, "Binti yangu. Alikuwa na miaka tisa. Mtundu sana."

"Watoto!" wakasema wenzake, na kila mmoja akaanza kuhadithia ya kwake. Tokuji aliangalia sponji. Aliona haya mpaka masikio yakamwasha, na haya hiyo haikumzuia kuitikia kwa kichwa kila walipomtazama.

Basi mambo yalikuwa hivi. Miaka thelathini na sita nyuma, Norihisa, mwanawe mkubwa, alikuwa anajiandaa na mtihani wa kuingia sekondari ya juu. Mtaa mzima ulikuwa na watoto wa mtihani, na mtaa mzima wazazi walikuwa wameficha adapta. Mashine yenyewe unaiacha palepale sebuleni, mtoto aitazame. Unachoficha ni adapta. Mama wa nyumba ya tatu alikwenda nayo sokoni ndani ya pochi. Tokuji alikuwa hodari kuliko wote: kila wiki aliihamisha, kwa sababu watoto wana pua. Mwanzoni mwa Machi, sikukuu ya wasichana ilipokwisha, walikuwa wanafungasha haraka haraka sanamu za kifalme za Mihoko, binti yake mdogo, zinazopangwa sebuleni kwa sikukuu hiyo, maana zikicheleweshwa husemwa msichana atachelewa kuolewa. Tokuji akaisokomeza adapta chini kabisa ya sanduku la sanamu, kati ya karatasi laini. Kisha akaisahau. Aliisahau kabisa, kama ambavyo hakuwahi kusahau kitu kazini.

Wiki mbili baadaye Norihisa alifaulu. Kijana alirudi anakimbia, kiatu kavua kimoja tu, anadai alichoahidiwa. Tokuji alipekua kabati, akapekua sare zake za baridi, akapekua debe la mchele. Mwanaume wa kidole, asiyepoteza kitu, angewaambiaje watu kwamba amepoteza? Akaingia chumbani, akachukua adapta ya teprekoda yake. Ikaingia tunduni vizuri tu. Kidole hakukinyoosha siku hiyo.

Norihisa alikuwa amekwenda kuchukua kaseti ya mchezo. Mihoko, kwa furaha ya kaka yake kufaulu, akabonyeza swichi. Ukasikika mlio mdogo, kisha moshi ukatoka na harufu kali ikajaa sebuleni.

"Mihoko!" alipiga kelele Norihisa. "Umefanya nini?"

Mtoto akamtazama baba yake. Tokuji alikuwa ameshaelewa. Mkono wake ulikuwa tayari umeshachomoa waya na kuuficha nyuma ya mgongo. Na mdomo wake ukasema, "Nimekwambia mara ngapi usiguse vitu vya watu?"

Tangu siku hiyo Mihoko akaitwa Moshi. Mwanzoni kwa hasira, baadaye kwa mzaha, na mzaha hauna mwisho. Moshi, kaa mbali na sufuria ya umeme. Moshi, usipite karibu na televisheni, mechi bado. Kila Mwaka Mpya hadithi ilisimuliwa upya, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa baba yake. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Tokuji ilikuwa ndefu kuliko reli yake.

Mwaka uliofuata, siku ya kupanga sanamu, Fumie alifungua sanduku. Jioni Tokuji aliporudi kutoka kazini aliikuta adapta juu ya meza yake ndogo, imefutwa vumbi, waya umeviringwa vizuri. Fumie hakusema neno. Hakusema siku hiyo, wala mwaka huo, wala kitandani hospitalini miaka miwili iliyopita. Alikuwa anangoja mume aseme mwenyewe, na mume aliitia adapta kwenye droo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Kule darasani, Jumapili mbili zilizofuata Tokuji alibadilisha vile vipuri viwili, pipa lililopasuka na kidhibiti umeme kilichoungua pamoja nalo. Lehemu ilikaa inavyotakiwa, imeng'aa, imekumbatia kila mguu. Wakaunganisha na televisheni ndogo ya darasani, picha ikaja.

"Ni hivyo tu?" Tokuji aliuliza.

"Ni hivyo tu. Vipuri viwili. Mngeipeleka kwa fundi wakati ule, angemaliza kabla chai haijapoa." Honami alikuwa anafuta meza. "Mzee, ukifika nyumbani mpe binti yako aibonyeze yeye wa kwanza. Maskini, pengine bado anajilaumu."

Tokuji aliinama kumshukuru, akainama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hakutaka uso wake uonekane.

Siku ya Mwaka Mpya walikuja wote: Norihisa na mkewe, mtoto wao Itsuki na dada yake mdogo, na Mihoko, ambaye siku hizi ni mama mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, karani wa maktaba. Walikula supu ya mochi, yale madonge ya mchele uliotwangwa, wakamenya machenza, wakajibanza miguu chini ya meza ya joto, ile yenye blanketi. Kisha Tokuji akaileta mashine, akawatajia Jumapili zake nane za darasani. Norihisa alipiga makofi kama mtoto.

"Baba! Umeitengeneza wewe mwenyewe? Na hiyo adapta umeitoa wapi?"

Tokuji hakupata kujibu, maana Norihisa alikuwa ameshageuka. "We Moshi! Rudi nyuma, rudi nyuma! Mzee amehangaika Jumapili nane, usije ukaimaliza kwa kidole kimoja."

"Sigusi jamani, sigusi!" Mihoko alicheka, akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa, halafu akaichomeka yote miwili chini ya blanketi.

Tokuji aliiona ile mikono ikiingia. Alikuwa amekariri maneno yake wiki nzima, maneno mazuri ya mtu mzima, yenye "samahani" mwanzoni na mwishoni. Yote yalimtoka. Kilichobaki ni kidole. Kidole kikanyooka chenyewe kuelekea adapta, na sauti ikatoka, ile ya kazini, ya kusikika mpaka kiti cha nyuma.

"Adapta! Ilifichwa na mimi!"

"Babu anaendesha tramu!" Itsuki alishangilia.

"Sanduku la sanamu! Niliisahau humo mimi!" Kidole kikahamia kwenye tundu la mashine. "Waya wa teprekoda! Ulichomekwa na mimi!"

Watoto walikuwa wanacheka. Norihisa alikuwa ameacha kucheka. Kidole kilitaka kumwendea Mihoko, kikashindwa, kikarudi kifuani kwa mwenyewe.

"Moshi," alisema Mzee Tokuji, na hapo sauti haikufika hata mwisho wa meza. "Wangu."

Mkewe Norihisa aliwanyamazisha watoto.

"Baba," Mihoko alisema, "mimi mashine ya kunakili ikikwama pale kazini, natoka chumbani. Unajua hilo? Nazunguka rafu za vitabu mpaka mtu aje aitengeneze, wasije wakasema ni mimi."

"Sikujua."

"Nyumbani kwangu taa ikiungua naita jirani."

"Nisamehe, mwanangu. Nisamehe." Alikuwa ameinamisha paji la uso mpaka kwenye mkeka, mbele ya wajukuu zake. "Ibonyeze wewe. Nimeitengeneza kwa ajili hiyo."

"Hapana. Bonyeza wewe. Nataka nikuone."

Akabonyeza. Kidole kilichonyookea taa za mji kwa miaka thelathini na tisa kilikosa swichi mara ya kwanza. Mara ya pili picha ikatokea, na ule muziki mwembamba wa zamani ukaijaza sebule. Watoto wakaruka. Tokuji aliona haya kuliko alivyoona haya siku zote za maisha yake, kwa sababu kumbe miaka yote ilikuwa rahisi hivyo.

Mihoko aliichukua adapta ya zamani mkononi, waya na yote, ingawa kwa kufanya hivyo picha ilizimika na watoto wakalalamika. Akaigeuza.

"Sanduku la sanamu zangu alikuwa analifungua mama," alisema taratibu. "Kwa hiyo mama alijua."

Neno hilo ndilo Tokuji alilokuwa ameomba lisije.

"Alijua. Aliniwekea mezani. Hakusema kitu."

"Kabla hajafa aliniuliza, 'Bado unaogopa mashine?' Nikamjibu naogopa, nikacheka. Akalia. Nilidhani ni maumivu, nikamwita muuguzi amwongeze dawa."

Mihoko akairudisha adapta tunduni, akaisukuma mpaka ikakaa. Picha ikarudi.

"Nenda kamwambie na yeye," alisema. "Mimi sitakusemea."

Tokuji aliinuka kwa magoti yake mabovu, akaingia chumba cha pili, mbele ya kabati la kuwaombea mababu waliokufa, ilipokuwepo picha ya Fumie na chungwa la Mwaka Mpya. Akapiga kengele ndogo mara moja. Alikinyoosha kidole kwa mazoea, kisha akakikunja.

"Fumie," alisema. "Nimechelewa."

Nyuma yake, kupitia mlango wa karatasi, alimsikia Itsuki akifa kwenye mchezo na kupiga kelele: "Shangazi! Zamu yako. Shika."

Mzee Tokuji alibaki palepale, paji la uso mkekani, akisikiliza, wala hakuthubutu kugeuka kuona kama mikono ile imetoka chini ya blanketi.