Nusu Doti ya Mama Zuhura

Wiki hii Mama Zuhura aliandika pole yenye makosa chungu nzima kwenye kundi la WhatsApp la msiba wa mama, na binamu yangu akamsahihisha mbele ya watu wote. Nikaikumbuka khanga.

Mama Zuhura alikuwa jirani yetu Ilala. Yeye na mama walikuwa wamenuniana kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Mchana mmoja nilienda na mama Kariakoo, kwenye duka lililojaa harufu ya khanga mpya, akachagua doti yenye maneno ya kuombana radhi. Mimi nilikuwa nimejua kusoma juzijuzi tu.

"Mama, wamekosea! Herufi moja haipo!"

"Nimeona." Akalipa. "Twende."

Nilidhani anataka kumkomoa jirani kwa kitu kibovu. Nyumbani aliikata doti katikati, akajifunga kipande kimoja, kingine akampelekea. Mama Zuhura aliyasoma maneno taratibu, midomo ikicheza. Nikasubiri airudishe. Akajifunga palepale.

"Karibu chai, shoga."

Jana alikuja msibani kajitanda kipande kilekile. Maandishi yameshafifia, hakuna hata herufi moja inayosomeka.