Siku Ukoo Uliponichangia Mbuzi kwa Sababu Natembea

Mkasa huu naona aibu hata kuuandika, lakini kwa vile Garissa nzima inaujua, na hata huko Rhamu, mbali mpakani, wanausimulia vizuri kuliko mimi mwenyewe, wacha niutoe kwa mdomo wangu.

Nesi wa kliniki ya sukari alinichoma kidole cha mguu na kitu chenye ncha, sikusikia. Akaniambia bila kupepesa macho, "Mzee, utautembeza mguu huu kila siku, au utausindikiza ukakatwe." Niliogopa, sifichi. Kesho yake nikaiacha pikapu uani, nikaenda soko la mifugo kwa miguu.

Sasa, mtu wa hapa mwenye ngamia na gari hatembei (anayetembea ana shida, au amepotelewa na ngamia). Sijafika hata kona ya kwanza, kijana jirani akasimama, akaniita ami kwa Kisomali chetu. "Adeer, gari yako iko wapi?" Na mimi, mwanamume mzima mwenye wajukuu, badala ya kusema nina sukari nikasema, "Iko gereji." (Kusema sukari ni kusema nimekwisha, ndivyo nilivyodhani kwa akili zangu nyingi.) Siku ya nane spea zilikuwa bado zinatoka Nairobi, siku ya kumi na mbili nikasema naiuza, maana uongo ukishaanza haujui kusimama, na moyoni nikajipongeza kwa kujua kutunza siri.

Basi asubuhi moja nikaitwa upesi kwa Haji Nuur, mkubwa wa ukoo wetu. Nilikuwa nimemeza dawa, chai sijagusa, nikatembea (ndiyo, nikatembea) mpaka kwake. Nikakuta wazee wamejaa mkekani na mbuzi wanalia uani. Haji akakohoa. "Ndugu yetu ameanguka na anatuficha. Wallahi, hatuwezi kuacha mtu wetu atembee juani kama hana kabila!" Kumbe ni qaaraan, mchango wa ukoo kwa aliyefilisika, na aliyefilisika ni mimi. Hata shangazi yangu Halima, mjane, alikuwa ameleta mbuzi wake wa pekee wa maziwa.

Nikataka kusema, lakini ile dawa bila chai ilikuwa imeishusha sukari yangu kupita kiasi: mikono ikatetemeka, jasho likanitoka, ulimi ukawa mzito. "Muoneni," Haji akasema, "umaskini umemfika mpaka mifupani!" Wazee wawili wakalia. Wakaninywesha kikombe cha shaah, chai yetu ya maziwa iliyojaa sukari, na nikapona palepale, jambo walilodhani ni shukrani.

Nikamwona shangazi akimpapasa mbuzi wake kumuaga, nikashindwa. "Sijafilisika! Nina sukari, mguu wangu unakufa, ndiyo maana natembea." Kikazuka kicheko, kisha matusi, halafu kila mtu akaondoka na mbuzi wake.

Nilitoka kichwa chini. Haji akanifuata langoni, akatazama kushoto na kulia, akavua kiatu. Kisiginoni alikuwa na kidonda kikubwa, kimeanza kunuka.

"Hiyo kutembea," akanong'ona, "unaanza saa ngapi? Lakini usiambie mtu."

"Wewe hutembei popote, Haji. Wewe unaanza na hospitali, twende sasa hivi."

"Watu wakiuliza tunakwenda wapi, tuseme nini?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni (mazoea ni kitu kibaya), nikaumeza. Tangu siku hiyo nimeapa: anayeniuliza namwambia nina sukari, na asiyeniuliza namwambia vilevile.